UZI: Umepangiwa kubadilishiwa goti au nyonga na umeambiwa upunguze uzito? Soma hapa kabla hujaanza kujinyima chakula

Sahani_Wodini (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu.

Kazi yangu ni lishe, na wagonjwa ninaowaona zaidi ni wa wodi ya mifupa. Uzi huu ni wa walio kwenye foleni ya kubadilishiwa goti au nyonga, pamoja na wale wanaowapikia, maana mara nyingi hao ndio wanaosoma.

Mtu akishapewa tarehe huwa na maswali mengi. Kiungo bandia kinadumu miaka mingapi? Nitalazwa siku ngapi? Ngazi nitapanda lini? Chakula hakiulizwi. Kikitajwa, kinatajwa hivi: "Daktari kasema nipungue, kwa hiyo usiku sili kitu." Huyo ananitisha kuliko anayekula kupita kiasi.

Kwa nini? Kubadilisha kiungo ni kukata mfupa na kusogeza misuli. Ukiwa umepigwa ganzi au umelazwa usingizi husikii kitu, lakini mwili unajua kabisa kwamba umeumizwa. Homoni za hatari zinapanda, sukari kwenye damu inapanda, na mwili unaanza kuvunja misuli yake wenyewe ili upate malighafi ya kuziba jeraha na kutengeneza askari wa kinga. Hali hii humpata kila mgonjwa, mnene kwa mwembamba. Kinachowatofautisha ni akiba waliyoingia nayo.

Kwenye goti, anayelipa gharama kubwa ni msuli wa mbele ya paja, ule unaokunyanyua kutoka kwenye kiti. Mwezi mmoja baada ya upasuaji nguvu zake huwa zimeshuka kwa nusu hivi, wengine zaidi ya hapo. Sehemu ya hasara hiyo inatokana na uvimbe: neva zinashindwa kuuamsha msuli sawasawa. Hiyo chakula hakiwezi kuitibu, ni kazi ya mazoezi na muda. Sehemu nyingine ni msuli wenyewe kusinyaa, na hapo sahani ina la kusema.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 28 wa goti. Kundi moja lilipewa gramu 20 za asidi amino za lazima (yale matofali ya protini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea) mara mbili kwa siku, katikati ya milo, kuanzia wiki moja kabla ya upasuaji hadi wiki mbili baada yake. Kundi la pili lilipewa plasebo, yaani kitu cha kulinganishia tu. Wiki mbili baada ya upasuaji, msuli wa paja kwenye mguu uliopasuliwa ulikuwa umesinyaa kwa asilimia 14 hivi kwa waliopewa plasebo, na asilimia 3 hivi kwa wale wengine. Wagonjwa 28 ni wachache, kwa hiyo sisemi mambo yameshathibitika. Ila inaonyesha kwamba wiki zinazozunguka upasuaji si za kuachia tumbo tupu.

Sasa suala la uzito. Daktari wako hakukosea. Mwenye uwiano wa uzito na urefu, yaani BMI, wa 40 na kuendelea ana hatari kubwa zaidi ya kidonda kusumbua na kiungo kuingia vijidudu, na madaktari wengi huweka mpaka wao hapo. Isitoshe, kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Kwa hiyo kupungua kuna maana. Hoja yangu ni namna ya kupungua, na muda uliobaki.

Mtu mzima mwenye goti bovu hatembei sana. Akijishindisha njaa, anapoteza mafuta na misuli kwa pamoja, na mizani haimwambii kilichoondoka ni kipi. Anafurahi amepungua kilo sita, kumbe anaingia chumba cha upasuaji akiwa na mapaja dhaifu kuliko siku alipopewa tarehe.

Ushauri wangu wa jumla uko hivi. Kama una miezi kadhaa mbele yako, punguza vinywaji vya sukari, vitamutamu, mafuta ya kukaangia na pombe, lakini protini usiiguse, na fanya mazoezi uliyofundishwa hata kama ni ya kwenye kiti tu. Kama zimebaki wiki mbili tatu, achana na mizani. Kula.

Na msidhani unene ni ushahidi wa lishe nzuri. Tunapata watu wa kilo 110 ambao misuli imeisha, damu ndogo, vitamini D iko chini kabisa. Wanakula sana, ila wanakula wanga na mafuta. Kwa macho huwezi kumjua.

Karibuni kwa maswali. Mwenye ugonjwa wa figo asianze chochote nilichosema hapa kabla hatujaongea.

---

Mstaafu_Mwenye_Fimbo

Natia nanga hapa. Nyonga ya kushoto, nasubiri zamu.

---

BintiMkubwa

Asante sana kwa uzi huu. Mama yangu ana miaka 71, kilo 64, goti la kulia. Yeye si mnene, ila chakula chake ni chai na mkate asubuhi, mchana anadonoa, jioni chai na mkate tena. Nikimwambia ale anasema hana njaa. Protini anatakiwa ale kiasi gani? Nieleze kwa lugha ya jikoni tafadhali, gramu zinanichanganya.

---

Sahani_Wodini

Dada, tuanze na gramu kidogo halafu tuingie jikoni.

Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito. Kwa anayejiandaa na upasuaji mkubwa, miongozo mingi inapandisha hadi gramu 1.2 mpaka 1.5. Kwa kilo 64, mama anahitaji gramu 77 hadi 96 kwa siku. Kwa hiyo chai na mkate, hata uongeze kikombe cha tatu, hafiki.

Jikoni sasa. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kikombe cha maziwa au mtindi, gramu 8. Kipande cha samaki au kuku aliyeiva cha gramu 100, kati ya 22 na 30. Kikombe cha maharage au dengu zilizoiva, 15 na zaidi kidogo. Akila mayai mawili na kikombe cha maziwa asubuhi, samaki na maharage kidogo mchana, kuku na mtindi jioni, ameshafika. Haitaki upishi wa ajabu.

Usimrundikie yote kwenye mlo mmoja. Misuli ya mzee ni mizito ya kusikia kuliko ya kijana. Mlo wenye gramu 10 hauiamshi. Inataka 25 hadi 30 kwa mkupuo, mara tatu kwa siku. Watu wengi wazima hula protini yao karibu yote kwenye mlo mkubwa wa siku, na asubuhi ni kavu kabisa. Kwa mama yako ningeanzia asubuhi.

Halafu nikuulize: meno yake yakoje? Usiniambie "yapo". Mwangalie anavyotafuna. Wazee wengi wanaosema hawana njaa, ukweli ni kwamba nyama inawaumiza fizi na wanaona haya kusema. Kama ndivyo, mpe laini: mayai ya kuvuruga, samaki asiye na miiba, nyama ya kusaga, dengu zilizopondwa, mtindi. Na jino bovu lolote litibiwe kabla ya upasuaji, maana vijidudu vya kinywani vinaweza kuingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye kiungo kipya.

Jambo moja zaidi: amepungua bila kukusudia? Nguo zinampwaya? Ukiona amepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi mitatu hadi sita, hilo mwambie daktari wazi, usisubiri aulize.

---

Kisebusebu

Mkuu, samahani, ila hizi hadithi za protini tunajua zinaishia wapi. Kesho utatuwekea namba ya simu na kopo la poda. Watu wamekuwa wakibadilishiwa nyonga tangu miaka ya sitini bila kuhesabu mayai.

---

Sahani_Wodini

Kisebusebu, shaka yako ni halali. Siuzi chochote na namba siweki.

Ni kweli, daktari wa mifupa John Charnley alianza kuweka nyonga zake za kisasa Uingereza mwaka 1962 na watu walipona. Ila usisahau kwamba zamani walilazwa wiki kadhaa, na leo mtu anasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake. Mgonjwa wa sasa anatakiwa atumie misuli ndani ya saa 24. Kumwambia afanye mazoezi bila protini ni kumtuma fundi kwenye kiwanja kisicho na tofali.

Kuhusu poda: anayekula vizuri haihitaji. Ninaiagiza, au ninaagiza vinywaji vya lishe vya hospitalini, kwa mtu ambaye tumejaribu chakula na hakimaliziki, au ambaye ameshakonda. Kopo si dhambi, na si muujiza pia.

Kitu kingine unachoweza kukagua mwenyewe ni albumini. Ni protini ya kwenye damu inayotengenezwa na ini. Wagonjwa wanaoingia na albumini chini ya gramu 3.5 kwa desilita hupata matatizo ya kidonda na maambukizi zaidi, na hukaa hospitali muda mrefu zaidi. Hili limeonekana tena na tena. Lakini hapa nawavunja moyo hata wenzangu: albumini si kipimo safi cha lishe. Inashuka pia mwili ukiwa na uvimbe wa ndani, ini likiumwa, au figo zikivujisha protini kwenye mkojo. Na kwa kuwa inakaa kwenye damu karibu siku 20 kabla nusu yake haijaondoka, huwezi kula mayai wiki moja ukategemea namba ibadilike. Ikiwa chini, swali la kwanza liwe "kwa nini?", halafu ndipo tuongee chakula.

---

Kisebusebu

Hapo nimekuelewa. Endelea, nipo.

---

Chumba_cha_Usingizi

Nami niongeze langu, niko upande wa dawa za usingizi. Mwanzisha uzi umeruka saa za mwisho, na huko ndiko ninakoona watu wakiteseka bila sababu.

Ile amri ya "usile wala kunywa kuanzia saa sita usiku" ni ya zamani. Lengo lake ni tumbo liwe tupu, ili mtu akilazwa chakula kisipande kikaingia kwenye mapafu, na hilo ni hatari ya kweli, msilichezee. Ila maji hayakai tumboni muda mrefu kama chakula. Miongozo ya sasa kwa mtu asiye na matatizo ya tumbo ni hii: mlo mwepesi, mwisho saa 6 kabla ya ganzi au usingizi, vyakula vya mafuta, nyama na vya kukaanga vinahitaji muda mrefu zaidi ya huo, vinywaji vyepesi vinavyopitisha mwanga, yaani maji, juisi iliyochujwa isiyo na nyuzi, chai au kahawa isiyo na maziwa, mwisho saa 2 kabla. Maziwa yanahesabiwa chakula.

Mzee aliyepangwa wa mwisho kwenye orodha, akianza kufunga saa sita usiku na kupasuliwa saa tisa alasiri, amekaa saa 15 bila hata tone la maji. Anafika kwetu amekauka, mshipa haupatikani, kichwa kinamgonga, na baadaye anachanganyikiwa wodini. Kuna hospitali zinazotoa kinywaji cha wanga, mililita 400 zenye gramu 50 hivi za wanga, saa 2 au 3 kabla. Mgonjwa anaingia ametulia na kiu imekata. Ila kwa upasuaji wa goti na nyonga hakuna ushahidi wa kutosha wa kukifanya cha lazima kwa kila mtu, kwa hiyo usipokipewa usilalamike. Maji ya kutosha ndiyo muhimu.

Wapo ambao kanuni hizi haziwahusu moja kwa moja. Wenye sukari ya miaka mingi, ambao tumbo limekuwa zito kusukuma chakula. Wenye kiungulia kikali. Na wanaotumia zile sindano za kupunguza uzito au za sukari kama semaglutide: zinachelewesha tumbo kumwaga chakula, hata ukifunga saa nyingi unaweza kukutwa na chakula ndani. Msizifiche. Mwambie daktari wa usingizi mapema, si asubuhi ya upasuaji ukiwa umeshavaa gauni.

Karatasi ya maelekezo uliyopewa hospitali yako ndiyo ya kufuata. Kama imeandikwa saa sita usiku, piga simu uulize kuhusu maji. Usijiamulie.

---

Sahani_Wodini

Asante sana mkuu. Eneo hilo ni lako, nilikuwa nakusubiri.

---

Mstaafu_Mwenye_Fimbo

Vijana, mimi nina sukari mwaka wa kumi na mbili huu, na kipimo cha mwisho daktari alisema figo zimeanza kuchoka. Nimesoma habari za mayai na kuku nikaanza kujiandaa vizuri, halafu nikakumbuka mwanzisha uzi alisema wenye figo wasubiri. Haya, nimesubiri.

---

Sahani_Wodini

Shikamoo mzee wangu. Umefanya vema kusubiri.

Figo zikishachoka na mtu hajaanza kusafishwa damu, madaktari wa figo mara nyingi hushusha protini hadi gramu 0.6 mpaka 0.8 kwa kilo. Akishaanza kusafishwa, mambo yanageuka: anapoteza protini kwenye mashine na anatakiwa ale zaidi. Sasa wewe una upasuaji unaotaka protini na figo zisizotaka kubebeshwa. Huo ni mvutano wa kweli, na jibu lake linategemea figo zimechoka kwa kiwango gani. Hatua za mwanzo kabisa hatubani sana, hasa kwa kipindi kifupi. Hatua za mbele tunabana. Namba yako ya kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, sinayo, kwa hiyo namba ya protini sikupi. Wakutanishe daktari wa figo na wa mifupa, hata kwa simu, wakupe namba moja. Na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni waulize haohao, maana figo hazizipendi.

Kuhusu sukari: upasuaji wenyewe unaipandisha, na sukari ikiwa juu askari wa kinga wanakuwa wavivu, kidonda kinachelewa. Madaktari wengi wanataka HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi mitatu, kiwe chini ya asilimia 7.5 au 8 kabla ya kukupangia. Ikiwa juu ya hapo, kuahirisha si adhabu. Kiungo bandia ni chuma na plastiki, hakina damu ndani. Bakteria wakikishika wanajijengea utando ambao dawa haziupenyi vizuri, na mara nyingi tiba ni kukifungua tena na kukisafisha au kukitoa. Hutokea kwa mtu mmoja au wawili katika 100, ila aliyepata hilo hasahau.

Tahadhari: usiteremshe sukari kwa kujishindisha njaa huku unameza dawa zilezile. Utaanguka kwa sukari ya chini, na ukianguka na nyonga hiyo tutakuwa na kesi nyingine kabisa.

---

Mstaafu_Mwenye_Fimbo

Marahaba. Nimekupata. Kliniki ni Jumatano, naenda na karatasi ya kreatinini mkononi.

---

Goti_Jipya

Nimeshapita huko, magoti yote mawili kwa nyakati tofauti, kwa hiyo niongee kama mgonjwa.

Jambo ambalo hamjasema ni kwamba baada ya upasuaji HAMU INAKATA. Dawa za maumivu zinatia kichefuchefu, harufu ya chakula inakukera, na ukisimama na kitembezi kwa dakika kumi nguvu za kupika zimeisha. Ndiyo maana maandalizi ya kabla ni muhimu, siku zile za kwanza huli cha maana hata ukitaka.

Mara ya pili nilipika mapema, nikagandisha vyakula kwenye vibakuli vidogo, na nikavihamishia vitu vya jikoni kwenye rafu ya usawa wa kiuno ili nisiiname wala kunyoosha mikono. Nilikula kidogokidogo mara nyingi. Mtindi ulipita hata siku ambazo kingine chochote kilikataa.

Na jamani, CHOO. Zile dawa kali za maumivu zinafunga choo vibaya sana. Kukaa chooni ukisukuma na mshono mpya kwenye goti si mchezo. Anzeni maji, matunda na mboga wiki kadhaa kabla, na ulizeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo mnapopewa dawa ya maumivu.

---

Sahani_Wodini

Goti_Jipya umemaliza. Niongeze dogo tu: nyuzi za mboga bila maji zinaongeza tatizo, viende pamoja.

---

Mama_Tiba_Asili

Je, vidonge vya vitunguu saumu na manjano? Mimi huvitumia kwa ajili ya viungo, na mafuta ya samaki. Ni vya asili tu.

---

Chumba_cha_Usingizi

Mama yangu, kitunguu saumu cha kwenye mchuzi hakina shida. Vidonge ni habari nyingine, maana vimekolezwa. Vidonge vya kitunguu saumu, ginkgo, ginseng, manjano na vitamini E kwa dozi kubwa vinaweza kuifanya damu igande polepole, hasa vikikutana na dawa za kuyeyusha damu. Kanuni yetu ya kawaida ni kuacha dawa za mitishamba wiki mbili kabla. Mafuta ya samaki madaktari hawakubaliani, wengine huyaacha yaendelee. Njoo na makopo yote kliniki, hata lile unaloona aibu kulitoa kwenye mkoba. Hatugombi.

---

Sahani_Wodini

Na anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande: mboga za kijani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo. Usiache mboga na usianze ghafla kula nyingi kwa sababu ya uzi huu. Kula kiasi kilekile ulichozoea, ili kipimo chako kisiyumbe.

Vitamini D, kwa kuwa kuna aliyeniuliza pembeni: upungufu ni mwingi kwa wanaokaa ndani kwa sababu ya maumivu. Ikipimwa ikawa chini ya nanogramu 20 kwa mililita, irudishwe, mifupa na misuli inaihitaji. Usimeze dozi kubwa kwa kubahatisha.

---

BintiMkubwa

Wakuu, nimerudi. Meno ni kweli, yanamuuma upande mmoja na alikuwa hasemi. Tumeshapanga daktari wa meno. Ila leo kliniki wamempima damu ikaja 10.4, wakasema upasuaji unasogezwa mbele wiki kadhaa. Nyumbani wamekasirika, mjomba anasema ni uzembe, wangemwongezea tu damu siku ya upasuaji. Niwajibu nini?

---

Sahani_Wodini

Dada, waambie wamefanyiwa kazi nzuri.

Namba hiyo ni himoglobini, kipimo cha wingi wa damu. Kwa mwanamke, chini ya 12 ni upungufu wa damu. Kwa mwanamume ni chini ya 13. Kwenye goti na nyonga damu inapotea, na anayeingia na 10.4 ana uwezekano mkubwa wa kutoka akihitaji kuongezewa. Damu ya chupa inaokoa maisha inapolazimu, lakini inakuja na hatari zake, na wanaoongezewa huonekana kupata maambukizi zaidi. Tena mwenye damu ndogo hana pumzi ya kufanya mazoezi: anasimama, anaona kizunguzungu, anarudi kitandani. Goti haliwezi kusubiri mwaka, ila wiki chache linaweza. Upasuaji huu si wa dharura.

Sasa kabla ya kukimbilia vidonge vya chuma, tafuteni sababu. Waombe feritini, ambayo ni akiba ya madini ya chuma. Ikiwa chini ya 30 akiba imekwisha. Lakini feritini hupandishwa na uvimbe mwilini, kwa hiyo ikiwa juu kidogo isiwadanganye, daktari ataitazama pamoja na vipimo vingine. Waulize pia vitamini B12, hasa kama anatumia metformini (dawa ya sukari) au dawa za kupunguza asidi ya tumbo kwa muda mrefu.

Na hili ndilo ningelipa uzito kuliko yote: mama amekuwa akimeza dawa gani za maumivu ya goti, na kwa muda gani? Diklofenaki na ndugu zake zinaweza kuchubua tumbo likawa linavuja damu kidogokidogo bila yeye kujua. Mwulize kama choo kimewahi kuwa cheusi kama lami. Kama ndiyo, msisubiri tarehe ya kliniki. Na hata kama si cheusi, mtu wa miaka 71 akikutwa na upungufu wa chuma, tumbo lake linafaa kuchunguzwa.

Akiandikiwa vidonge vya chuma: avimeze mbali na chai, kahawa na maziwa, angalau saa moja hadi mbili, maana vinywaji hivyo vinazuia chuma kuingia mwilini. Kwa jinsi ulivyoeleza anavyopenda chai, hapo mtakuwa na kazi. Ameze na kitu chenye vitamini C, kama chungwa. Vikimchafua tumbo asiviache kimyakimya. Kumeza siku moja na kuruka moja kunaweza kumsaidia, waulizeni. Choo kitakuwa cheusi kwa sababu ya vidonge, ndiyo maana swali la choo aulizwe kabla hajaanza. Muda ukiwa mfupi au tumbo likivikataa, kuna chuma cha kuwekwa kwa dripu.

Protini iendelee vilevile. Chuma bila protini hakitengenezi himoglobini.

---

BintiMkubwa

Diklofenaki. Miaka miwili, karibu kila siku, ananunua mwenyewe. Choo hajui, anasema hajawahi kutazama. Napiga simu kliniki sasa hivi.

---

Chumba_cha_Usingizi

Piga. Na asimeze nyingine kabla hujaongea nao.